Ukuta wa Seli katika Mimea, Kuvu na Wanyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanafunzi wa Lamu husomeshwa bayolojia kwa Kiingereza, kisha hurudi nyumbani kuieleza kwa Kiswahili, na hapo ndipo mengi ya maswali haya huzuka. Mengine huulizwa na wanafunzi wenyewe mtihani unapokaribia, mengine na wazazi wanaowasaidia, na machache na wapishi na mafundi ambao kazi zao hugusa ukuta wa seli kila siku. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yenye utata. Jambo likishaelezwa mahali pamoja halirudiwi, bali msomaji huelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Ukuta wa seli ni nini hasa?

Ni tabaka imara ambalo seli hulitengeneza yenyewe na kuliweka nje ya utando wake. Mimea inao, kuvu zinao, na bakteria nyingi zinao. Seli za wanyama, binadamu akiwemo, hazina. Jambo la kushika ni mahali ulipo: uko nje ya utando, wala hauchukui nafasi yake. Katika seli changa ya mmea, ukuta huu mara nyingi huwa mwembamba kuliko mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita.

2. Ukuta na utando vinatofautianaje?

Hili ndilo swali linalowapotezea wanafunzi alama nyingi kuliko yote. Utando hujengwa kwa mafuta na protini, una unene wa kati ya nanomita 5 na 10, na kila seli iliyo hai inao, iwe ya mwembe, ya uyoga au ya ng'ombe. Kazi yake ni kuchagua: kipi kiingie, kipi kitoke, kipi kizuiwe. Ukuta hauchagui hivyo. Maji, chumvi na sukari hupita ndani yake bila taabu, na kinachozuiliwa ni molekuli kubwa tu. Kazi yake ni kubeba shinikizo na kuipa seli umbo.

Mfano unaofaa ni mpira wa miguu. Blada ndiyo inayoshika hewa, na ngozi ya nje ndiyo inayoizuia blada isivimbe hadi ikapasuka. Utando ni blada, ukuta ni ngozi. Kwa hiyo mtu akisema kwamba mmea una ukuta na mnyama ana utando, amesema nusu ya ukweli, kwa sababu mmea una vyote viwili.

3. Ukuta wa mmea na ukuta wa kuvu umejengwa kwa vitu gani?

Ukuta wa mmea msingi wake ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya sukari ya glukosi ambayo hulazwa sambamba na kushikamana ikawa nyuzi ngumu sana. Nyuzi hizo hufungamanishwa na hemiselulosi, na zote hukaa ndani ya pektini, ambayo ni laini na hushika maji. Pektini hiyo hiyo, ikisaidiwa na madini ya kalsiamu, ndiyo inayogundisha seli moja na jirani yake. Katika sehemu zinazokomaa kuwa mti, seli huongeza ukuta wa pili ulio mnene zaidi na kuupenyeza lignini, na hapo ndipo ugumu wa mbao hutokea.

Kuvu hazina desturi hiyo. Ukuta wao hujengwa kwa kitini, ambayo nayo ni mnyororo wa sukari lakini sukari yenye naitrojeni, pamoja na glukani, mnyororo mwingine wa sukari, na protini zilizobeba sukari. Tofauti hii ilianza kuonekana mapema: mwaka 1811 Mfaransa Henri Braconnot alitoa kutoka kwenye uyoga dutu ambayo leo tunaijua kuwa kitini, na mwaka 1838 Mfaransa mwingine, Anselme Payen, akaitenga selulosi kutoka kwenye mimea. Bakteria nazo zina kitu chao, peptidoglikani.

Kwa hiyo anayeulizwa kama kiumbe fulani kina ukuta asiishie kwenye ndiyo au la. Aulize pia ukuta huo umejengwa kwa nini, na uko wapi. Maswali hayo mawili huondoa sehemu kubwa ya utata unaofuata katika ukurasa huu.

4. Je, ukuta wa seli ni kitu hai?

Hapana, ni kitu kilichotolewa na seli iliyo hai. Selulosi hufumwa juu ya utando wenyewe na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za seli, vilivyopachikwa humo. Hemiselulosi na pektini hutayarishwa ndani, katika mwili wa Golgi, sehemu ya seli inayofungasha vitu vya kupelekwa nje, kisha husafirishwa hadi nje. Hata hivyo, kusema kwamba ukuta umekufa na hauna shughuli ni kuupunja. Seli inayokua huulegeza ukuta wake, huutanua, huuongezea vitu na kuukaza tena, na ukutani humo mna vimeng'enya vinavyofanya kazi muda wote huo. Mna pia vijitundu vyembamba, plazimodesmata, ambavyo kupitia kwavyo seli za mmea huwasiliana na kupeana chakula.

5. Nani aliuona kwa mara ya kwanza?

Robert Hooke wa Uingereza, mwaka 1665, alipokata kipande chembamba cha kizibo na kukitazama kwa hadubini. Alichokiona ni vijumba vitupu, kwa maana kizibo ni gome lililokufa. Seli zenyewe zilikuwa zimekwisha kutoweka, na zilizobaki zilikuwa kuta peke yake.

## Maji, chumvi na shinikizo

6. Kwa nini mmea uhitaji ukuta?

Kwa sababu ya maji. Ndani ya seli mna chumvi, sukari na protini nyingi kuliko katika maji ya mvua au ya udongoni, na maji huhama kuelekea kwenye wingi huo. Yanapoingia, seli huvimba. Seli ya mmea, ikiwa na ukuta, hufikia mahali ikashindwa kuvimba zaidi. Ukuta huisukuma nyuma, na shinikizo la ndani hupanda hadi kufikia mara 3 hadi 10 ya lile la hewa tunayopumua. Shinikizo hilo ndilo linalousimamisha mchicha wima, kwa maana mchicha hauna mbao za kuushikilia. Ukikosa maji, shinikizo hushuka na mmea hunyauka, ingawa kuta zake bado ni nzima.

7. Mbona seli zetu hazipasuki, na hazina ukuta?

Kwa sababu mwili huzilinda kwa njia nyingine: huhakikisha kwamba majimaji yanayozizunguka yana chumvi karibu sawa na yaliyo ndani yake. Figo hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ndiyo maana dripu ya kawaida ya hospitali si maji matupu bali huwa na gramu 9 za chumvi kwa kila lita. Chembe nyekundu za damu zikitiwa ndani ya maji yasiyo na chumvi huvimba na kupasuka mara moja. Zikitiwa ndani ya maji ya bahari, ambayo yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, hujikunja. Hazina ukuta wa kuzizuia zisipasuke, wala wa kuzibakishia umbo zinapokunjamana.

8. Ikiwa ukuta hulinda seli, kwa nini vitunguu vya kachumbari hulegea vikitiwa chumvi?

Ukuta hulinda upande mmoja tu. Huzuia kupasuka, lakini hauwezi kuzuia maji yasitoke. Chumvi iliyo nje ikizidi ile ya ndani, maji hutoka, shinikizo huisha, na kitunguu kilichokuwa kikikatika kwa mlio huwa kinapinda kama kitambaa.

Jambo hili laweza kushuhudiwa na yeyote mwenye hadubini ya shule. Ambua ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, ile yenye rangi ya zambarau, uitandaze juu ya kioo ndani ya tone la maji, na utazame. Vyumba vinaonekana vimepangika, kila kimoja kimejaa rangi kutoka pembe hadi pembe. Kisha weka tone la maji ya chumvi upande mmoja wa kioo cha juu, na karatasi ya kunyonya upande wa pili ili maji ya chumvi yavutwe chini. Baada ya dakika chache rangi huanza kujitenga na pembe. Hujivuta, hukaza, na kuwa donge la mviringo katikati ya chumba, lakini mipaka ya chumba haijasogea hata kidogo. Ile mipaka ndiyo ukuta. Ukingo wa donge ni mahali ulipo utando. Ukirudisha maji matamu mapema, donge huvimba na kujaza chumba tena.

Zoezi hili pia hujibu swali ambalo huulizwa sana, kwamba mbona utando hauonekani katika seli ya kawaida ya kitunguu. Ni mwembamba mno kwa hadubini ya mwanga, na zaidi ya hayo umebanwa ukutani. Katika mchoro wa mtihani, chora ukuta kwa mistari miwili, kisha utando kwa mstari mmoja ndani yake.

9. Basi mikoko yetu huishije ndani ya maji ya bahari?

Swali hili huulizwa na karibu kila mtu anayesoma jibu la 7 na la 8, na ni haki yake, kwa maana sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya imo katika Kaunti ya Lamu. Mti wa kawaida ukimwagiwa maji ya bahari hunyang'anywa maji yake. Mikoko huishi kwa kuhifadhi ndani ya seli zake chumvi na dutu nyingine za kutosha kuyavuta maji kuelekea kwao, na kwa kuzuia chumvi iliyozidi isiingie.

Hapo ndipo ukuta huingia kwa namna ya pekee. Katika mizizi ya mkoko, kuta za baadhi ya seli zimepakwa suberini, dutu ya jamii ya nta isiyopitisha maji. Ikumbukwe kwamba kwa kawaida ukuta hupitisha maji na chumvi (swali la 2). Pale ulipozibwa kwa suberini, maji hulazimika kupita ndani ya utando, na utando huchagua. Chumvi nyingi hubaki nje. Mchu, mmojawapo wa mikoko, una njia ya ziada: huruhusu chumvi kiasi ipande, kisha huitoa kupitia vitezi vilivyo kwenye majani. Lamba jani la mchu wakati wa kiangazi, utaionja.

10. Kwa nini papa na ng'onda hawaozi, ilhali bakteria wana ukuta?

Kwa sababu ile ile ya kitunguu cha kachumbari. Bakteria akiangukia kwenye samaki aliyetiwa chumvi hunyang'anywa maji, na ukuta wake haumsaidii. Wako wachache waliozoea chumvi nyingi, nao ndio humharibu ng'onda aliyehifadhiwa vibaya.

## Jikoni na kwa fundi

11. Kwa nini nazi lazima ikunwe ndipo itoe tui?

Mafuta ya nazi yamefungiwa ndani ya seli, na kila seli ina ukuta wake, uliojengwa zaidi kwa sukari ya jamii ya manani kuliko kwa selulosi. Kipande cha nazi ukikikamua kwa mkono hakitoi kitu cha maana, kwa sababu kuta hazijavunjika. Meno ya mbuzi hupasua kuta hizo kwa wingi. Kadiri nazi inavyokunwa nyembamba ndivyo seli zinazofunguka zinavyokuwa nyingi, na ndivyo kasimile linavyokuwa zito. Maji yakitiwa na kukamuliwa tena kwenye kifumbu, hutoka mafuta yaliyokuwa yamebaki kwenye seli zilizopasuka nusu. Chicha inayotupiwa kuku ni kuta kwa sehemu kubwa.

12. Kwa nini mbaazi haziivi upesi zikitiwa ukwaju mapema?

Kuiva kwa mbaazi, kwa lugha ya ukurasa huu, ni kulegea kwa pektini inayogundisha seli. Joto huiyeyusha, seli huachana, na mbaazi hubonyea. Asidi ya ukwaju, ndimu au nyanya huipa pektini hiyo uwezo wa kustahimili joto. Magadi hufanya kinyume, na ndiyo maana wengine hutia kidogo ili kuni zisiishe bure, ingawa yakizidi huharibu ladha. Shauri la mwandishi ni kuziivisha kwanza kwa maji matupu, na ukwaju na tui vifuate baadaye.

13. Embe hulainikaje linapoiva?

Tunda lenyewe hutoa vimeng'enya vinavyoikatakata pektini na kulegeza hemiselulosi. Kuta hubaki, ila hazishikani tena. Anayetengeneza achari ya embe bichi hutaka kinyume cha hayo, na baadhi ya wapishi hulowesha vipande katika maji ya chokaa kwanza; kalsiamu ya chokaa hufunga pektini, na vipande hubaki vikikatika kwa mlio.

14. Makumbi hufukiwa kwenye matope ya pwani kwa sababu gani?

Ni ili bakteria wale kile kinachokula kirahisi na kuacha kisicholika kirahisi. Katika miezi ya kukaa matopeni, maji ya bahari yakipwa na kujaa juu yake, pektini na vitu vingine laini vilivyogundisha nyuzi huliwa. Nyuzi zenyewe zina selulosi na lignini nyingi mno, na lignini haichezewi na bakteria wa kawaida. Makumbi yakifukuliwa na kupondwa, usumba hutoka safi, tayari kwa kusokotwa kamba. Waliobuni kazi hii hawakuhitaji kulijua jina la pektini.

15. Boriti na milango ya nakshi ni kuta za seli?

Ndiyo, karibu zote. Seli za mti zikishakamilisha ukuta wa pili hufa, na mirija inayopandisha maji huwa ni kuta zilizobaki wazi katikati. Ubao mkavu wa mbambakofi au boriti ya mkoko iliyobeba dari ya nyumba ya mawe ya Lamu ni selulosi, hemiselulosi na lignini zilizoachwa na seli zilizokufa zamani. Anayezila ni mchwa, kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake, na kuvu za kuozesha mbao, ambazo ni miongoni mwa viumbe vichache sana viwezavyo kuivunja lignini. Kuvu hizo huhitaji unyevu, kwa hiyo boriti chini ya dari inayovuja huoza na jirani yake iliyo kavu hudumu.

16. Punda huishi kwa majani makavu. Kwa nini mimi nisiweze?

Selulosi ni glukosi tupu, kwa hiyo chakula kimo. Kinachokosekana ni kimeng'enya cha kuifungua. Punda naye hana. Anao bakteria katika utumbo wake mpana wanaomfanyia kazi hiyo. Ng'ombe na mbuzi nao huwafuga bakteria wao, lakini katika tumbo la mbele. Binadamu huipitisha selulosi nje, na faida anayoipata ni kwamba huwezesha choo kwenda vizuri.

## Kuvu, bakteria na dawa

17. Uyoga si mmea? Umeota ardhini na hautembei.

Si mmea. Hauna klorofili, hautengenezi chakula chake kwa jua, na ukuta wake ni wa kitini (swali la 3). Kwa nasaba, kuvu zimekaribiana zaidi na wanyama kuliko na mimea, jambo ambalo huwashangaza wengi. Mpishi anaweza kuithibitisha tofauti hii kwa sufuria: kiazi kikichemshwa muda mrefu hupondeka kwa sababu pektini imeyeyuka, lakini uyoga hubaki na utafuno wake, kwa maana kitini haisumbuliwi na joto la jikoni.

Ukuta huo pia ndio huilazimisha kuvu kula kwa namna yake. Haiwezi kumeza kipande cha chakula, hivyo humwaga vimeng'enya nje, huyeyusha kilicho mbele yake, na kufyonza. Mkate ulioota ukungu unaliwa hivyo.

18. Hamira nayo ina ukuta?

Inayo. Hamira ni kuvu ya seli moja moja, na ukuta wake una glukani kwa wingi na kitini kidogo. Anayekanda mahamri na kuzidisha sukari huona unga unachelewa kuumuka. Sukari inainyang'anya hamira maji, kama ilivyoelezwa katika swali la 8.

19. Penisilini huua bakteria bila kumuua mgonjwa. Inawezekanaje?

Hushambulia kitu ambacho mgonjwa hana. Alexander Fleming aliona mwaka 1928 kwamba ukungu fulani huzuia bakteria kuota karibu nao. Baadaye ikaja kujulikana kwamba dutu yake huzuia vimeng'enya vinavyounga peptidoglikani. Bakteria anayekua bila kuunga ukuta wake sawasawa hupasuliwa na shinikizo la ndani. Seli zetu hazina peptidoglikani, hivyo haziguswi kwa njia hiyo, ingawa wako watu ambao miili yao huikataa dawa hiyo kwa ukali, na hilo ni suala la kinga, si la ukuta.

Yatokanayo ni matatu. Penisilini haifai kwa mafua, kwa sababu virusi havina ukuta wala si seli. Haifai kwa mapunye, kwa sababu ukuta wa kuvu ni wa kitini na glukani. Na haifai kwa maikoplazima, bakteria ambao kwa asili hawana ukuta kabisa.

20. Basi dawa za choa na mapunye huvunja ukuta wa kuvu?

Nyingi ya zile za kupaka, kama klotrimazoli, hazigusi ukuta. Hulenga ergosteroli, mafuta yaliyomo ndani ya utando wa kuvu ambayo utando wetu hauna. Dawa zinazozuia ujenzi wa glukani ya ukutani zipo, kaspofungini ikiwa mojawapo, lakini hizo hupitishwa mshipani hospitalini kwa maambukizi makali ya ndani ya mwili.

## Wanyama, na vitu vinavyodhaniwa kuwa kuta

21. Gamba la kaa lina kitini. Kwa hiyo kaa ana ukuta wa seli?

Hana. Hapa ndipo lile swali la mahali ukuta ulipo, lililotajwa katika jibu la 3, linapohitajika. Kitini ya kaa, kamba na wadudu hutolewa na tabaka la seli za ngozi na kuwekwa nje ya mwili mzima, likiwa ganda moja. Haizungushii seli moja moja. Kaa anapokua huliambua ganda lote kwa mkupuo na kubaki laini kwa muda, na anayemkamata wakati huo ataona kwamba ndani ni nyama isiyo na ukuta wowote.

22. Je, mfupa? Na matumbawe?

Mfupa ni kolajeni na madini ya kalsiamu na fosfati yaliyowekwa baina ya seli. Seli za mfupa zenyewe zina utando tu. Matumbawe vilevile: jiwe ambalo nyumba za Lamu zilijengewa ni kalsiamu kaboneti iliyowekwa na wanyama wadogo chini ya miili yao. Lakini katika matumbawe yaliyo hai, kama yale ya hifadhi ya bahari ya Malindi iliyotengwa mwaka 1968, mna kuta za seli pia, kwa sababu ndani ya seli za mnyama huyo huishi miani ya seli moja moja, nayo ina kuta zake.

23. Wanyama hupata faida gani kwa kukosa ukuta?

Hupata mwendo. Chembe nyeupe ya damu hujibadilisha umbo, hupenya kati ya seli nyingine, humzunguka bakteria na kummeza; yenye ukuta isingeweza. Msuli hujikunja na kujikunjua. Mtoto tumboni anapoumbika, seli huhama kutoka mahali pamoja kwenda pengine, ambapo katika mmea seli hukaa pale ilipozaliwa maisha yake yote.

Gharama yake ni kwamba mwili huhitaji vishikizo vingine: nyuzi za protini ndani ya seli, na baina ya seli mtandao ambao ndani yake kolajeni hutawala, protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini.

## Maswali yenye utata

24. Ipo seli ya mmea isiyo na ukuta?

Zipo, na mfano bora u mkononi mwa kila muuza madafu. Mbegu ya mnazi inapoanza kukua, viini hugawanyika mara nyingi bila kuta kujengwa baina yao. Kwa hiyo katika kitale, na katika dafu changa, maji yale ni chakula cha mbegu chenye viini vinavyoelea bila mipaka. Kuta huanza kujengwa kutoka pembeni, karibu na kifuu, na kila zinapojengwa hupatikana tabaka jipya la nyama: kwanza laini ya kukombwa kwa kijiko, kisha ya koroma, hatimaye nyama ngumu ya nazi. Maji yanayobaki katikati ni sehemu ambayo haikufikiwa.

Mbegu za kiume za mimea ya ukoo wa kale, kama vile kangaga, nazo huogelea bila ukuta. Na maabara inaweza kuuondoa ukuta kwa makusudi: mwaka 1960 Edward Cocking wa Uingereza alitumia vimeng'enya kuumeng'enya ukuta wa seli za mizizi ya nyanya. Seli iliyovuliwa hivyo, ya pembe nne au sita, huwa ya mviringo papo hapo, na lazima iwekwe katika majimaji yenye sukari ya kutosha la sivyo hupasuka. Ikiachwa hai huanza kujijengea ukuta mpya.

25. Ugonjwa wa baka chelewa kwenye viazi na nyanya husababishwa na kuvu?

Vitabu vya zamani huandika hivyo, na kwa macho unafanana na ukungu. Lakini ukuta wa kiumbe huyo, Phytophthora, una selulosi na glukani, na kitini ndani yake ni kidogo mno au haipo. Amewekwa katika kundi lililo karibu na miani ya kahawia, mbali na kuvu. Hili lina maana kwa mkulima, kwa sababu baadhi ya dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kuvu hazimdhuru.

26. Je, kuna mnyama anayetengeneza selulosi?

Wako. Ni wanyama wa baharini wa kundi la tunikata, wale mfano wa vifuko vyenye matundu mawili ambao hujishikiza kwenye nguzo za gati, miamba na maboya, na hurusha maji wakibonyezwa. Vazi lao la nje lina selulosi halisi, ambayo huitengeneza wenyewe kwa jeni inayoaminiwa kuwa mababu zao waliipata kutoka kwa bakteria. Selulosi hiyo hufunika mwili kwa pamoja, na seli zao, zikitazamwa moja moja, zina utando peke yake.